Kabla Hujachomeka Flashi: Kuweka Windows Upya Bila Kupoteza Kazi ya Mtu

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10. Tangu hapo watu wanaoingia kibandani kwangu hapa Lurambi, karibu na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, huja na agizo limeshaiva: "Fundi, niwekee Windows 11." Wengine wameshatazama video na flashi wamenunua. Kuweka Windows kwenyewe hakuhitaji ufundi mwingi; mwanafunzi wa kidato cha pili akielekezwa ataweka. Kinacholiza watu ni yale yasiyofanywa kabla flashi haijachomekwa, kwa hivyo usishangae nikichelewa kufika kwenye flashi.

Nitafuata laptopu moja ili maneno yasielee hewani. Ni HP EliteBook 840 G3 ya naibu mwalimu mkuu wa shule ya msingi upande wa Khayega. Aliinunua ikiwa ex-UK, yaani ilishatumika ofisini ng'ambo, na mashine za rika lake ndizo zimejaa madukani kutoka Kakamega hadi Kisumu. Kama yako si hiyo, huenda ni nduguye: ThinkPad T460 au Dell Latitude ya miaka ileile.

Mashine yenyewe ni ya lini?

Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, andika msinfo32, kisha Enter. Dirisha litakalofunguka lina mambo mengi. Wewe soma mistari mitatu tu. Wa kwanza ni Processor. Ya Mwalimu ilisema i5-6300U. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi, hapa cha 6; ikiwa ni 1, soma mbili za kwanza. i5-8250U ni kizazi cha 8. I5-10210U ni cha 10, na i5-1135G7 ni cha 11. Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, RAM ya GB 4, diski ya GB 64 na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM, toleo la 2.0. TPM unaiona kwa kuandika tpm.msc palepale ulipoandika msinfo32. Mstari wa pili ni BIOS Mode, yaani namna mashine inavyojiwasha: utasema UEFI, ya kisasa, au Legacy, ya zamani. Uandike kando, tutauhitaji. Wa tatu ni RAM.

Muuzaji atakwambia i5 ni i5. Usikubali. Hata 840 G5 na ThinkPad T480, ambazo watu huzinunua wakiamini ni za Windows 11, baadhi zilitoka kiwandani na prosesa ya kizazi cha 7, i5-7300U. Kabla pesa haijatoka mfukoni, mashine iwashwe mbele yako na msinfo32 isomwe.

Ukiwa hapo, jiulize kama tatizo ni Windows kweli. Mwalimu alilalamika kuwa akiiwasha asubuhi anaweza kwenda kusimamia gwaride na kurudi, bado inazunguka. Nilifungua Task Manager kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja: safu ya Disk ilikuwa imeganda kwenye asilimia 100 na hakuna programu iliyofunguliwa. Ndani mlikuwa na diski ya kuzunguka, ile ya zamani. Kuiwekea mashine ya namna hiyo Windows mpya ni kupaka rangi nyumba inayovuja. Tulikubaliana anunue SSD kwanza, diski ya kasi isiyozunguka. 840 G3 inapokea ya inchi 2.5 na pia ile ndogo bapa ya M.2, kwa hivyo chukua itakayopatikana. Kubadilisha diski kuna faida nyingine isiyosemwa na wauzaji: ile ya zamani inatoka na kukaa kando na kazi zote ndani yake, kwa hivyo hata mambo yakiharibika hakuna kilichofutwa.

Kama hubadilishi diski, ipime kwa programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo. Ikisema Good, endelea. Ikisema Caution au Bad, kazi ya leo ni kutoa faili tu. Usiiwekee chochote diski inayokufa.

Uchague njia gani

Mashine ikitimiza masharti, shughuli ni nyepesi. Kupanda kutoka Windows 10 iliyoamilishwa kihalali hadi 11 ni bure, na unaweza kupanda bila kufuta kitu: ingia Settings, kisha Update & Security, kisha Windows Update, au pakua Installation Assistant kwenye tovuti ya Microsoft. Faili na programu hubaki. Windows ya zamani huwekwa kwenye folda iitwayo Windows.old na una siku 10 za kubadili nia. Nakala ya faili ni lazima hata hivyo.

Mashine isiyotimiza masharti ina njia tatu, na mimi sipendi fundi anayemchagulia mteja kimyakimya.

Ya kwanza ni kubaki Windows 10 na kujiandikisha kwa masasisho ya nyongeza, yanayoitwa ESU, yanayofika hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Unahitaji toleo la 22H2 na akaunti ya Microsoft. Ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwenye akaunti hiyo hulipi kitu, ukikataa kuna ada ya dola 30. Ni njia ya kununua muda tu.

Ya pili ni kuilazimisha mashine ipokee Windows 11. Inawezekana, na nitaonyesha jinsi. Lakini Microsoft haikuahidi lolote kwa mashine hizo, na matoleo makubwa ya kila mwaka hayatakuja yenyewe. Utayaweka kwa mkono.

Ya tatu ni Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, ambayo ndiyo ningeiweka kwenye mashine nyingi za aina hii kama watu wangekuwa wanaisikiliza kazi yao badala ya kusikiliza jina. Mtu anayefungua kivinjari, anayeandika barua na kutazama video hahitaji Windows kwa lolote. Mwalimu nilimuuliza anachofanya kutwa. TPAD, ile tathmini ya walimu? Iko kwenye kivinjari. Barua kwa wazazi? LibreOffice inatosha. Halafu akanionyesha jedwali la matokeo la shule, faili ya Excel yenye makro, yaani amri zinazojiendesha zenyewe, zinazopanga wanafunzi na kutoa ripoti. Hapo Mint ikaanguka, kwa maana makro za Excel mara nyingi hazifanyi kazi sawasawa kwenye LibreOffice. Akachagua njia ya pili akijua gharama yake.

Mali ya mtu iko wapi?

Hapa ndipo pa kukaa. Nilimuuliza, "Mwalimu, kazi zako umeziweka wapi?"

"Ziko kwa kompyuta."

"Sehemu gani ya kompyuta?"

"Si hapo tu? Nikiwasha naziona."

Anachosema ni Desktop, na kwa Windows Desktop ni folda ndani ya diski C, kwenye C:\Users na jina la mtumiaji. Ukifuta C imekwenda. Watu wengi hukumbuka Documents peke yake. Downloads wanaidharau, kumbe ndimo mlimo barua ya uhamisho, cheti cha PIN ya KRA na taarifa za benki walizopakua mara moja wasizihamishe tena. Kwa hivyo usichague folda mojamoja. Nakili folda nzima ya mtumiaji kutoka C:\Users iende kwenye diski ya nje. Nakili, usihamishe: tumia Copy, wala si Cut, maana stima ikipotea katikati ya Cut utabaki na nusu huku na nusu kule.

Kisha kuna vitu vinavyojificha. Kwenye File Explorer, kichupo cha View, weka alama kwenye Hidden items, utaona folda ya AppData. Humo ndimo kinamokaa kivinjari na alama zake, humo ndimo zinamokaa zile karatasi za manjano za Sticky Notes. Usizidharau Sticky Notes. Nimekuta humo paswadi za tovuti za serikali, namba za wanachama wa chama na madeni yao, mambo ambayo mwenyewe hakumbuki kuwa hayako penginepo. Zifungue, nakili maneno yake uyaweke kwenye faili ya kawaida. Paswadi za Chrome, hakikisha zimeungana na akaunti ya Google ya mwenyewe, au zitoe kwa faili na uifiche vizuri. Anayetumia Outlook ya kompyuta, tafuta faili zinazoishia na .pst.

Piga picha ya skrini kwa simu, Desktop ikiwa kama ilivyo, na picha nyingine ya orodha ya programu kwenye Settings, sehemu ya Apps. Watu hukumbuka faili kwa mahali ilipokaa: "ile iliyokuwa pembeni chini ya picha ya mtoto". Picha hiyo itamaliza ubishi. Chukua pia jina kamili la printa.

Ukishanakili, bofya kulia kwenye folda ya asili, chagua Properties, ulinganishe idadi ya faili na ukubwa na ile ya nakala. Zikitofautiana sana, kuna kitu kimekataa. Halafu peleka diski ya nje kwenye kompyuta nyingine ufungue faili kadhaa: moja ya Word, moja ya Excel, picha, PDF. Mwalimu nilimwita aketi afungue mwenyewe. Faili inayoonekana kwenye orodha lakini haifunguki si nakala.

Neno moja kuhusu flashi za saiba. Ukiichomeka flashi ukakuta folda zako zote zimekuwa njia za mkato zenye kimshale, usilie na usizibofye. Ni kirusi kimezificha. Fungua Command Prompt na, kama flashi ni E, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* kisha Enter. Folda halisi zitajitokeza. Zikague kwa Windows Security kabla ya kunakili, ufute zile zenye vimshale.

Bado kuna mawili. Kwanza, usimbaji, yaani diski kufungwa isisomeke bila ufunguo. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika manage-bde -status. Ikisema diski imelindwa na BitLocker, hakikisha mwenye mashine ana ufunguo wa kuirejesha, wenye tarakimu 48, ambao kwa kawaida hukaa kwenye akaunti yake ya Microsoft. Usiguse BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) wala kuchomoa diski bila huo. Pili, leseni. Andika slmgr /xpr. Kikitokea kisanduku kinachosema Windows imeamilishwa kwa kudumu, vizuri. Laptopu za ofisini za miaka hiyo mara nyingi zina ufunguo wa Windows Pro ndani ya ubao wenyewe, na ukiweka upya itajiamilisha ikiunganishwa na intaneti. Kikitokea kisanduku chenye tarehe ya mwisho isiyozidi siku 180 mbele, na mashine si ya kampuni, basi aliyekuuzia aliiamilisha kwa programu ya wizi. Nyingi ninazoletewa ziko hivyo. Na usitegemee kibandiko cha Windows 7 kilicho chini ya laptopu. Tangu mwaka 2023 Microsoft haikubali funguo za Windows 7 na 8 kuamilisha matoleo mapya.

Tokeni, ngurumo na bando

Kakamega mvua hupenda mchana, na huja na radi. Kazi hii naianza asubuhi. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS, betri ya kuishikilia stima ikipotea, siiwekei mfumo mawingu yakishaanza kukusanyika upande wa msitu, hata mteja awe na haraka ya namna gani. Laptopu ina betri, lakini betri nyingi za ex-UK zinakaa dakika chache, kwa hivyo ipime: chomoa chaja uone. Na angalia mita ya tokeni. Ni jambo dogo hadi mita izime mfumo ukiwa asilimia 60.

Bando sasa. Faili ya ISO, ile moja yenye mfumo mzima wa kuwekwa, ya Windows 11 inazidi GB 5, ya Linux Mint ni karibu GB 3. Pakua penye Wi-Fi ya kweli, kutoka tovuti ya Microsoft au ya Linux Mint yenyewe. Usichukue "Windows iliyopunguzwa uzito" inayogawanywa kwenye makundi ya simu. Aliyeipunguza hujui alichoongeza. Ukishapakua, ihakiki: Command Prompt, certutil -hashfile, jina la faili, SHA256. Mfululizo wa herufi utakaopata ufanane na ule uliochapishwa kwenye tovuti ulikopakua. Kama intaneti yako hukatikakatika, hatua hii itakuokoa na makosa yasiyoelezeka baadaye.

Kuna wanaopendekeza Reset this PC iliyo ndani ya Windows, na ni njia nzuri kwa mashine nzima isiyo na matatizo. Jua tu kwamba ukichagua Cloud download itakula zaidi ya GB 4, na kwamba "Keep my files" huhifadhi faili lakini programu zote zinaondoka.

Kutengeneza flashi

Flashi iwe ya GB 8 au zaidi, na kila kilichomo kitafutwa, kwa hivyo isiwe ile uliyoweka nakala. Jihadhari na zile za bei ya kutupa barabarani: zinaandikwa GB 64 na ndani zina GB 8, zikijaa zinaanza kumeza data kimya. Programu ndogo iitwayo H2testw itakwambia ukweli.

Kwa mashine inayokubalika, tumia Media Creation Tool ya Microsoft. Kwa ya Mwalimu nilitumia Rufus, ambayo pia ni bure. Chagua flashi kwenye Device, chagua ISO, na kwenye Partition scheme weka GPT, mpangilio wa kisasa wa diski, kama msinfo32 ilisema UEFI. Kama ilisema Legacy, ni MBR, mpangilio wa zamani, ingawa mashine ya mwaka 2016 hivi karibu kila mara inaweza kubadilishwa iwe UEFI kwenye BIOS, na ni heri ubadilishe. Ukibonyeza Start, Rufus itauliza maswali. Alama ya kuondoa sharti la RAM, Secure Boot na TPM ndiyo inayoifungulia mashine ya kizazi cha 6 mlango. Kuna pia alama ya kuondoa sharti la akaunti ya Microsoft na nyingine ya kuzuia BitLocker isijiwashe yenyewe. Nazipenda zote mbili. Nimeona laptopu iliyowekwa kwa akaunti ya fundi; ufunguo wa BitLocker ukaenda kwa fundi, fundi akahama mji.

Kuwasha kwa flashi

Zima kabisa, chomoa diski ya nje yenye nakala, acha flashi peke yake. Narudia, chomoa diski ya nje. Orodha ya diski itakapotokea, majina yatakuwa Disk 0, Disk 1, na usiku umechoka hutajua ipi ni ipi.

HP: washa huku ukigonga Esc, kisha F9 kuchagua flashi, BIOS yake ni F10. Dell: F12 kwa orodha, F2 kwa BIOS. ThinkPad: F12, na BIOS ni F1. Asus nyingi ni Esc. Acer ni F12, ila mara nyingi lazima kwanza uingie BIOS kwa F2 uiruhusu. Lenovo za IdeaPad zina kitundu kidogo ubavuni, kisukume kwa pini. Kwenye orodha flashi ikitokea mara mbili, chagua iliyoandikwa UEFI.

Skrini ya kwanza ni ya lugha na kibodi. Hapa watu hupita haraka halafu wanakuja kulalamika kuwa alama ya @ imepotea. Tazama kitufe cha 3: kama kina alama ya pauni ya Uingereza, hiyo ni kibodi ya Uingereza, chagua United Kingdom. Ukiacha ya Marekani, @ na alama za kunukuu zitabadilishana nafasi.

Utaulizwa ufunguo, bonyeza kwamba huna, leseni ya ubaoni itajitafuta. Kama utachagua toleo, chagua linalolingana na leseni, Pro kwa Pro, Home kwa Home. Kisha inakuja orodha ya vipande vya diski. Kwa Mwalimu SSD ilikuwa mpya, kipande kimoja kisicho na kitu, Next na kwisha. Kwa diski ya zamani yenye C na D, usifute D kama kuna kitu unakitegemea humo. Ukitaka kusafisha kabisa, futa vipande vyote vya Disk 0 hadi ibaki nafasi moja iliyoandikwa Unallocated, ichague hiyo, Windows itajigawia yenyewe.

Ikikukatalia ikisema diski ina jedwali la MBR, maana yake umewasha kwa UEFI na diski imepangwa kwa mtindo wa zamani. Ukishafuta vipande vyote, au ukirudi ukawasha flashi kwa mtindo unaolingana, itakubali. Isipoiona diski kabisa na mashine ni ya kizazi cha 11 au zaidi, inataka draiva (programu ndogo inayoiwezesha Windows kutumia kifaa) ya Intel iitwayo VMD. Ipakue kwenye tovuti ya aliyetengeneza laptopu, iweke kwenye flashi, ubonyeze Load driver. Ikijiwasha upya na kurudi mwanzo kabisa, umeacha flashi ikitangulia. Chomoa flashi hiyo mashine inapojizima mara ya kwanza.

Ikishasimama

Saa za eneo ni Nairobi, UTC+03:00. Wi-Fi isipoonekana usipaniki, draiva haijaingia. Chukua simu ya Android, iunganishe kwa waya wa USB, washa USB tethering. Windows kwa kawaida huitambua papo hapo kama mtandao. Lakini kabla hujafanya lolote zaidi, ingia Settings, Network & internet, fungua mtandao huo na uwashe Metered connection. Bila hivyo Windows itaanza kuvuta masasisho ya GB kadhaa na bando la wiki litaisha kabla chai haijapoa. Draiva ndogo ya Wi-Fi ikiingia, hamia penye intaneti ya bei nafuu, zima Metered, uache Windows Update ifanye kazi hadi iseme imemaliza. Irudie mara mbili, kuna masasisho yanayongoja mengine.

Ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, OneDrive itajitolea kuchukua Desktop na Documents zako. Nafasi ya bure ni GB 5, na kila picha itapanda kwa bando lako. Amua kwa kukusudia. Ya Mwalimu niliizima.

Kirusi? Windows Security iliyomo inatosha, usinunue nyingine. Kagua diski ya nakala kabla ya kurudisha faili. Rudisha Desktop, Documents, Downloads na picha. Folda ya AppData usiirudishe nzima nzima, ichukulie kama ghala la kutafutia kitu kikikosekana. Weka printa, fungua lile jedwali la matokeo, bonyeza kitufe cha ripoti ukiwa na mwenye mashine kando yako, karatasi itoke. Hapo tu ndipo nadai pesa.

Kwa anayechagua Mint

Toleo la 22 lilitoka Julai 2024 na linahudumiwa hadi 2029. Linataka RAM ya GB 2, ila GB 4 ndiyo ya kustarehe. Mashine dhaifu ipe Xfce, yenye nguvu ipe Cinnamon. Uzuri wake ni kwamba flashi ikiwaka unapata mfumo mzima wa kujaribu bila kugusa diski. Utumie. Jaribu Wi-Fi, sauti, mwanga wa skrini, printa, hata ile modemu yako. Ukiridhika bofya Install. "Erase disk" inafuta kila kitu, "Install alongside" inaweka pembeni mwa Windows na kila ukiwasha unachagua. Ile ya pembeni naipendekeza kwa wanafunzi wenye wasiwasi, kwa sharti kwamba nakala imeshapigwa.

Diski ya zamani ya Mwalimu nilimrudishia. Akae nayo muhula mzima, na kama hakuna kilichokosekana ndipo ifutwe. Flashi nayo niliiandika kwa kalamu ya wino mzito: Windows 11, 25H2. Toleo hilo linahudumiwa hadi Oktoba 2027. Kwa mashine iliyolazimishwa, usingoje mwezi huo ufike: pakua ISO ya toleo litakalokuwepo, itengenezee flashi kwa Rufus ya karibuni, 4.6 kwenda mbele, kisha ukiwa ndani ya Windows yenyewe fungua flashi hiyo ubofye setup.exe na uchague kuhifadhi faili na programu. Nakala kwanza, kama kawaida.